Pistoni na Nyumba Yake

Wengi wetu hapa Nkuhungu na katika vijiji vya Ugogo twapata riziki kwa kazi ya injini: ya kusagia mtama na uwele, ya kukamulia alizeti, ya pikipiki au ya trekta. Injini ikichoka, jamaa hukusanya fedha za mavuno ili ifanywe upya. Kuna kipimo kimoja ambacho kikiachwa, fedha hizo zaweza kupotea zote kwa siku moja.

Pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda, wala haina budi kuachiwa nafasi ndogo. Sababu yake ni joto. Pistoni nyingi ni za alumini, na silinda nyingi ni za chuma. Na alumini hupanuka kama mara mbili kuliko chuma. Alumini yenye upana wa milimita 100, joto likizidi nyuzi 100, huongezeka kama milimita 0.23, chuma huongezeka kama 0.11 tu. Basi nafasi ikiwa finyu mno, pistoni hukwama na injini hufa. Ikiwa pana mno, pistoni hugonga kuta, nguvu hupungua, na oili huungua kwa moshi wa buluu. Mara nyingi nafasi itakiwayo ni kama unene wa unywele mmoja au miwili. Hapana jicho liwezalo kuikisia.

Kwanza vyombo vyote visafishwe na kupoa kivulini, kwa maana chuma kilichoanikwa juani hudanganya. Pistoni hupimwa ubavuni kwa maikrometa, mahali palipotajwa na kitabu cha injini, kwa kukingama na pini yake. Silinda hupimwa juu, katikati na chini, na kila mahali mara mbili, kwa urefu wa injini na kwa kuikingama. Kisha toa kipimo cha pistoni katika kile cha silinda: silinda ikiwa 80.06 na pistoni 79.99, nafasi ni 0.07. Linganisha na kitabu.

Silinda huliwa zaidi karibu na juu, pale ringi zinapogeukia; hivyo apimaye chini tu hujidanganya. Iliyolika kupita kiasi haiponi kwa ringi mpya. Yapasa ichongwe na kupewa pistoni kubwa zaidi, au itiwe slivu. Nalo vumbi letu la kiangazi, likipenya chujio bovu, husaga chuma kama msasa. Bandu bandu huisha gogo.

Wazee wa Kongwa, mashariki ya Dodoma, waliona jambo hili kwa ukubwa. Mpango wa karanga wa Serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947, ulileta matrekta mengi kuukuu, mabaki ya vita. Mengi yaliharibika upesi, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Sababu zilikuwa nyingi, ukame na ugumu wa udongo zikiwamo; lakini funzo moja latufaa: mashine kuukuu haijulikani kwa rangi yake, bali kwa kupimwa.

Basi, ndugu, umwendeapo fundi, mwombe akuandikie vipimo vya kila silinda kabla hujanunua kitu. Nanyi mafundi mlio Wakristo, kumbukeni jinsi Maandiko yanavyochukia mizani ya hadaa. Maikrometa nayo ni mizani, na fedha ya mjane aliyeleta mashine yake imewekwa juu yake.