Mafua yanapotishia pumzi

Kwa watu wengi mafua ni adha ya siku chache. Kwa mwenye maradhi ya miasthenia gravis, yanaweza kumfikisha kwenye mashine ya kupumulia.

Katika maradhi haya, kingamwili ambazo kazi yake ni kupambana na vijidudu hushambulia mahali ambapo mishipa ya fahamu hukutana na misuli. Amri ya mishipa haifiki barabara, na misuli huchoka upesi: kope hulegea, kitu kimoja huonekana viwili, kumeza huwa taabu.

Virusi vya mafua au vya korona vinapoingia, udhaifu huo huweza kuenea hadi kwenye misuli ya kupumulia. Mgonjwa huenda asionekane akihema kwa nguvu, kwani misuli ya kuhemea ndiyo iliyochoka. Dalili za kuangaliwa ni sauti kufifia, kushindwa kumeza mate, kukosa pumzi anapolala chali, au kushindwa kuhesabu hadi 20 kwa pumzi moja. Akiwa na dalili hizo, apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Tahadhari nyingine ni dawa. Baadhi ya viuavijasumu, vikiwemo gentamaisini na siprofloksasini, huweza kuzidisha udhaifu, na wala haviui virusi. Hivyo madaktari huwahimiza wagonjwa kutaja maradhi yao kabla ya kupokea dawa yoyote.

Chanjo ya sindano dhidi ya homa ya mafua hupendekezwa kila mwaka. Ile ya kupuliziwa puani, yenye virusi hai vilivyodhoofishwa, haiwafai wanaotumia dawa za kupunguza kinga ya mwili.