Kiwi cha Ujuzi

Swali la msomaji anayetaka kujua kwa nini madokezo yake hurudi kutoka kwa mkuu wa idara yakiwa na neno moja, "fafanua", ingawa hayana kosa la sarufi wala la tahajia, lina jibu ambalo wanasaikolojia walilipata kwa kugonga meza.

Katika tasnifu yake ya mwaka 1990, Elizabeth Newton wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwataka washiriki wagonge kwa kidole mapigo ya nyimbo zinazojulikana na wote ili wenzao wazitambue. Wagongaji walibashiri kwamba nusu ya nyimbo zingetambuliwa, lakini kati ya nyimbo 120 zilizogongwa zilitambuliwa 3 tu. Hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe: mgongaji hawezi kugonga bila kusikia kichwani mwake sauti, maneno na ala zote, na hana namna ya kuuzima wimbo huo ili asikie anachosikia mwenzake, yaani ko-ko-ko ya kidole juu ya ubao. Mwandishi wa dokezo naye ni mgongaji, kwani anapoandika "lile suala la juzi likamilishwe mapema" husikia wimbo mzima, malipo ya nani, ya fungu lipi, kabla ya siku gani, ilhali ofisa aliyehamia wiki iliyopita husikia ko-ko-ko.

Mwaka 1989 wanauchumi Camerer, Loewenstein na Weber waliandika juu ya hali hii kwa jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa "laana ya ujuzi", tafsiri isiyoridhisha, kwa kuwa laana hutolewa na aliyekosewa, na hapa hakuna aliyemkosea mtu. Lifaalo ni "kiwi cha ujuzi", maana kiwi ni kule kutoona kunakoletwa na mwanga wenyewe unapozidi machoni.

Kumwambia mwandishi amfikirie msomaji hakumwondolei kiwi hicho. Utafiti wa Karen Schriver wa mwaka 1992 ulionyesha kwamba wanafunzi wa chuo kikuu waliopitia kumbukumbu za wasomaji waliosema kwa sauti kila walichowaza walipokuwa wakisoma, walizidi kuwa hodari wa kubashiri mahali ambapo msomaji atakwama. Ofisini yatosha dokezo lisomwe kwa sauti na mtu wa chumba cha pili, huku mwandishi, bila kufafanua lolote, akipigia mstari kila mahali ambapo msomaji amesita au amerudi nyuma.