Mume naye apimwe: tuelewe ugonjwa wa mirija iliyoziba



Katika makanisa yetu ya hapa Goma, ndoa ikimaliza miaka miwili bila mtoto, mtu wa kwanza kuitwa kwenye chumba cha maombi ni mama. Atafunga siku saba, ataulizwa mambo ya ujana wake, na mama mkwe atamkumbusha mbuzi na ng'ombe za mahari. Baba anabaki nyumbani akisubiri majibu. Majibu yakikawia, mashemeji wanaanza kumtafutia bibi wa pili. Sisi wachungaji tumepokea ndoa nyingi za namna hiyo, na mara nyingi tunakuta mume hajapimwa hata siku moja. Madaktari wanatuambia kwamba katika karibu nusu ya ndoa zisizopata mtoto, tatizo liko kwa mwanaume, peke yake au pamoja na mke. Hata Kumbukumbu la Torati 7:14, inapotaja utasa, inawataja mume na mke wote wawili. Wahubiri wetu wanampenda sana Hana, wanampenda Elizabeti, lakini aya hiyo wanaipita mbio.

Sababu za ugumba wa mwanaume ni nyingi. Tunaeleza moja tu, kwa kuwa ni kati ya zile chache ambazo daktari anaweza kuzitengeneza kwa upasuaji: mirija ya mbegu kuziba.

Mbegu zinatengenezwa ndani ya korodani. Zikitoka hapo zinaingia katika mrija mwembamba sana uliojikunja nyuma ya korodani. Ungenyooshwa ungefika kama mita 6. Humo ndimo mbegu zinakomaa. Kisha zinapanda kwa mrija mwingine, mgumu kidogo, unaopita kwenye nyonga na kuzunguka hadi nyuma ya kibofu. Kule juu zinachanganyika na maji ya tezi nyingine, na maji hayo ndiyo karibu yote ambayo mwanaume anayaona. Mbegu zenyewe ni sehemu ndogo mno. Kwa hiyo mtu ambaye mirija yake imeziba kwa kawaida hana dalili yoyote: hamu anayo, nguvu anazo, maji yanatoka kama ya wengine. Labo ikimwandikia sifuri, anafikiri wamebadilisha vichupa. Nguvu za kiume ni jambo moja, uzazi ni jambo lingine, na ndugu zetu wengi wanayachanganya.

Fikiria bomba la maji mtaani. Ziwa Kivu limejaa, pampu inafanya kazi, lakini mahali fulani chini ya mawe ya lava bomba limefinywa, na wamama wanapanga bidoni bure.

Ni nini kinachofinya? Mara nyingi ni kovu la ugonjwa wa zinaa, kisonono au klamidia, ambao haukutibiwa mapema au ulitibiwa nusu. Kifua kikuu nacho kinaweza kushuka hadi huko. Wengine waliumizwa mrija bila kujua walipopasuliwa ngiri, hata wakiwa watoto. Wengine walizaliwa bila mrija ule mgumu. Na wako wanaume waliofungwa uzazi kwa hiari yao, kisha mambo ya nyumba yakabadilika. Tunaitaja orodha hii kwa makusudi, maana ndugu akisikia mirija imeziba, bibi yake anasikia uzinzi tu. Si lazima iwe hivyo. Mchungaji asiyejua habari ya ngiri anaweza kuvunja ndoa ya mtu aliyepasuliwa akiwa na miaka minne.

Kipimo cha kwanza ni kuchunguza maji ya mwanaume, kile ambacho hapa kwetu tunakiita spermogramu. Anajizuia siku 2 hadi 7, na kichupa kinapaswa kufika labo kabla ya saa moja kwisha, kikiwa na joto la mwili. Anayekaa Ndosho au Majengo na kupanda moto hadi mjini akiweke ndani ya shati, asikitie kwenye sakoshi na baridi hii ya asubuhi. Ikionekana sifuri, kipimo kirudiwe siku nyingine. Usikubali hukumu ya karatasi moja. Sifuri ikithibitika, swali linakuwa hili: kiwanda kimekufa, au njia imefungwa? Daktari atashika korodani aone ukubwa wake, atatafuta kwa vidole ule mrija mgumu, ataomba ekografi na kipimo cha damu cha homoni iitwayo FSH. Korodani ndogo na FSH iliyopanda zinaonyesha kwamba mara nyingi kiwanda ndicho kimechoka. Korodani zenye ukubwa mzuri na FSH ya kawaida zinampa daktari sababu ya kufikiria njia iliyofungwa.

Hapa tuseme neno juu ya sindano. Tumeona ndugu wakiuza hata kiwanja ili wanunue antibiotiki, boksi baada ya boksi, miaka mitatu. Dawa inaua kijidudu, lakini haifungui kovu. Kama mrija umekwisha kuziba, sindano ya ishirini haitafanya kile ambacho ya kwanza haikufanya. Na chupa za mizizi zinazouzwa kwa jina la kusafisha mirija haziufungui pia.

Upasuaji wenyewe si jambo la jana. Mwaka 1902 daktari Edward Martin wa Philadelphia, Marekani, aliunganisha mrija mgumu na ule uliojikunja, akiruka mahali palipoziba. Shida ilikuwa macho: tundu la mrija mgumu halifiki nusu milimita, na ule uliojikunja ni mwembamba zaidi. Mwaka 1978 Sherman Silber, naye wa Marekani, alionyesha namna ya kuushonea kwa mikroskopu, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Njia hiyo ndiyo inayoendelea hadi leo. Kama kizibo kiko katikati ya mrija mgumu, kama kwa mtu aliyefungwa uzazi, ncha mbili zinaunganishwa na matokeo huwa mazuri zaidi. Kikiwa chini, kwenye ule wa mita 6, kazi ni ngumu: mbegu zinaonekana tena kwa nusu ya wanaume au zaidi, lakini wanaopata mimba nyumbani ni wachache kuliko hao. Kikiwa juu, karibu na kibofu, daktari anaweza kupita kwa njia ya mkojo. Aliyezaliwa bila mrija hana cha kuunganishwa, na kifua kikuu mara nyingi kinaziba mahali pengi mno.

Kwa hao iko njia nyingine: mbegu inatolewa kwa sindano kutoka korodani na kuingizwa moja moja katika yai la mke, kwenye labo. Njia hii ilitangazwa Brussels mwaka 1992. Kwetu jirani, Kampala imekuwa na watoto waliotungwa mimba kwenye labo tangu 2004. Ni maelfu ya dola, tena bila ahadi. Na uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwanzoni mwa 2025, safari ikawa ya barabara na mipaka. Familia zipige hesabu kwanza.

Mji wetu si mgeni wa kushona kilichopasuka. HEAL Africa, iliyoanza mwaka 2000 kwa jina la DOCS kwa kazi ya Dokta Jo Lusi na mkewe Lyn, ilichomwa na lava ya Nyiragongo Januari 2002, ikajengwa tena, ikajulikana mbali kwa kuwatibu wamama wenye fistula, kama Panzi ya Dokta Denis Mukwege kule Bukavu. Wamama wale walikuja na jeraha ambalo jirani wote walilinusa. Waume wanaficha karatasi isiyo na harufu.

Ndugu anayefikiria operesheni hii amwulize daktari maswali bila haya: Utatumia mikroskopu? Umekwisha kufanya wangapi, na mbegu zilirudi kwa wangapi? Bibi yangu amepimwa mirija yake na umri wake umehesabiwa? Mwisho ni swali la muda. Mbegu moja inachukua kama siku 74 kutengenezwa, na baada ya kushonwa huwa zinachukua miezi kadhaa kuonekana, pengine mwaka mzima. Shemasi anayekwenda kuwatembelea asiulize mwezi wa pili.