Masahihisho Yanayomjenga Mwanafunzi

Utangulizi

Katika vyuo vyetu vya theolojia na vya Biblia, mwalimu hutumia saa nyingi kusahihisha kazi za kuandika: insha, ufafanuzi wa Maandiko na mahubiri. Kwa mwanafunzi anayeishi chuoni, masahihisho yasiyoeleweka yaweza kufafanuliwa kesho yake darasani. Lakini kwa mwinjilisti anayesoma kwa enezi, yaani akiwa usharikani mwake huko Kilosa au Mikumi, karatasi iliyorudishwa huenda ikawa ndiyo sauti pekee ya mwalimu atakayoisikia kwa majuma kadhaa. Akikuta humo "11/20", mistari myekundu na neno "Jitahidi", hajui ajitahidi katika jambo gani. Ataiweka sandukuni, na Jumapili atahubiri vile vile alivyoandika.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba masahihisho hayajatimia mwalimu anapoweka kalamu chini. Yametimia pale mwanafunzi anapoyatumia kuitengeneza kazi yake.

1. Alama na maelezo

Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alitoa taarifa ya uchunguzi uliofanywa kwa wanafunzi wa shule nchini Israel. Kundi moja lilipewa alama tu, la pili maelezo tu, na la tatu alama pamoja na maelezo. Waliopewa maelezo tu ndio walioendelea vizuri. La kushangaza ni kwamba waliopewa vyote viwili hawakufaidika kama wao. Ni kana kwamba alama iliyameza maelezo. Alama humfanya mwanafunzi ajiulize yeye ni wa ngapi kati ya wenzake. Maelezo humrudisha kwenye kazi yenyewe.

Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya matokeo ya tafiti nyingi za namna hii. Waliona kwamba kwa wastani kumwambia mtu habari za kazi yake humsaidia. Lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo hayo, kazi iliharibika badala ya kutengenea. Hasa hali hiyo hutokea pale maneno yanapoiondoa akili ya mtu kwenye kazi na kuielekeza kwenye nafsi yake. Kwa hiyo hatuna budi kukiri kwamba kusahihisha kwenyewe si lazima kuwe msaada. Kunategemea tunasahihisha namna gani.

Sisi Walutheri tunaijua tofauti ya Sheria na Injili. Sheria humwonyesha mtu kosa lake, lakini haimpi nguvu ya kulitengeneza. Wino mwekundu nao ni hivyo hivyo: ukiishia kuhesabu makosa, humwacha mwanafunzi pale pale alipokuwa.

2. Barua saba

Katika Ufunuo 2 na 3 tunazo barua kwa makanisa saba, na kila moja ni maelezo yaliyoandikwa juu ya kazi ya watu. Kanisa la Efeso linatambuliwa kwanza kwa taabu na saburi yake. Kisha linatajiwa kosa lake kuu, yaani kuuacha upendo wa kwanza. Halafu linaambiwa la kufanya: kukumbuka, kutubu na kurudia matendo ya kwanza. Mwishoni ipo ahadi.

Aidha, barua hizo hazifuati kanuni moja kwa upofu. Smirna na Filadelfia hazilaumiwi, Laodikia haisifiwi. Hapa mwalimu hujifunza kwamba sifa si sukari ya kupunguzia uchungu wa dawa. Husifiwa kilichopo tu, tena kwa kukitaja. Neno "Vizuri" likiandikwa chini ya kila karatasi, wanafunzi hulizoea upesi na halina maana tena.

3. Mfano wa Kilosa

Tuchukue mfano. Mwinjilisti katika Wilaya ya Kilosa ameandika mahubiri juu ya Mwanzo 13, pale wachungaji wa Abramu walipogombana na wachungaji wa Lutu. Ameandika "ugonvi" badala ya "ugomvi", na "mifungo" badala ya "mifugo". Katika aya ya tatu amesema: "Lutu alipenda majani kuliko udugu, na wafugaji wote ndivyo walivyo." Mwalimu mwenye haraka hupigia mstari "ugonvi" na "mifungo", akaandika 13/20, akaendelea na karatasi nyingine.

Lakini Kilosa ni wilaya ya wakulima na wafugaji. Mwezi Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mapigano yaliyotokana na uhasama wa pande hizo mbili. Mahali kama hapo, aya ya tatu ina hatari kubwa kuliko makosa yote ya tahajia. Tena haitokani na Maandiko, kwa sababu Abramu naye alikuwa mfugaji. Mwalimu angeweza kuandika hivi:

"Ndugu Mwinjilisti, umeeleza vema chanzo cha ugomvi, kwamba nchi haikuwatosha wote pamoja (mstari wa 6). Lakini katika aya ya tatu umewahukumu wafugaji wote. Soma tena mstari wa 2: Abramu alikuwa na mali gani? Kisha soma mstari wa 8 na wa 9: nani alikuwa na haki ya kuchagua kwanza, naye alifanya nini? Andika upya aya hiyo, ukikumbuka kwamba mkulima na mfugaji wote wawili wameketi mbele yako."

Maelezo haya hayazidi sentensi chache. Yametaja jema moja na kosa moja, yamemrudisha mwanafunzi kwenye Maandiko, na yamempa kazi ya kufanya. Hayakumwambia kwamba yeye ni mtu mbaya.

4. Mfano wa Mikumi

Mwanafunzi aliyefanya vizuri naye ana haki ya kufundishwa. Tuseme mwinjilisti wa Mikumi ameandika insha juu ya Mwanzo 1:28, akaeleza kwa usahihi kwamba kutawala si kuharibu. Apewe 17/20 na kuachwa? Yeye anaishi kando ya Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, mahali ambapo tembo huweza kutoka na kula mahindi ya mkulima. Insha yake haikugusa jambo hilo hata kidogo. Swali moja pembeni latosha: "Mshiriki ambaye shamba lake limeliwa na tembo jana usiku atayasikiaje maneno haya? Ongeza aya moja ya kumjibu." Hapo insha iliyotoka kitabuni itaanza kuwa mafundisho ya mchungaji kwa watu wake.

5. Mambo ya kuzingatia

(a) Soma kazi yote kabla ya kushika kalamu. Asiyejua mwandishi anaelekea wapi atasahihisha maneno tu.

(b) Chagua mambo mawili au matatu, ukianza na maana. Wengi wa wanafunzi wetu wa sehemu hizi walianza kusema Kikaguru, Kisagara, Kividunda au Kimaasai kabla ya Kiswahili. Onyesha kosa moja la lugha linalorudiwarudiwa, naye atafute mengine ya namna hiyo mwenyewe.

(c) Sema juu ya kazi, si juu ya mtu. "Hoja hii haina ushahidi" ni neno linaloweza kufanyiwa kazi. "Wewe ni mvivu wa kufikiri" halijengi.

(d) Rudisha kazi kabla mwanafunzi hajaanza nyingine. Juu ya kazi mpya aandike sentensi moja ya kueleza alichokitengeneza kutokana na masahihisho yaliyopita.

(e) Inapowezekana, toa maelezo kwanza, na alama baada ya kazi kuandikwa upya.

Wapo watakaosema kwamba mwalimu mwenye karatasi 40 hana nafasi ya kufanya haya yote. Hoja hiyo ni ya kweli, wala haifai kudharauliwa. Lakini kuchagua mambo mawili huchukua muda mfupi kuliko kupigia mstari kila herufi. Tena makosa yaliyo ya wengi yaweza kuandikwa katika ukurasa mmoja, ukasomwa na wote. Na kama tangu mwanzo mwalimu ameeleza kazi nzuri itakuwa na sifa gani, mengine mwanafunzi atayaona mwenyewe kabla ya kuileta.

Hitimisho

Kazi ya mwinjilisti haiishii kwa mwalimu. Kilichoandikwa kwenye karatasi hufika mimbarani, na kutoka mimbarani huingia nyumbani mwa watu. Mwalimu ndiye msomaji wa kwanza, na mara nyingine ndiye wa mwisho anayeweza kulizuia neno la kuumiza kabla usharika haujalisikia. Basi kabla ya kuandika alama, tujiulize: mwanafunzi huyu akiisha kusoma nilichoandika, atajua la kufanya kesho asubuhi? Kama hatajua, bado hatujasahihisha.