Usiku wa kupiga hodi

UKIWA Marekani jioni ya Oktoba 31, usishtuke mlango ukibishwa, na ufunguapo ukutane na wachawi wafupi, mizuka iliyojitanda mashuka na simba aliyevaa viatu vya shule. Hao ni watoto wa jirani. Wamekuja kudai peremende.

Sherehe hiyo huitwa Halloween, nami naipenda sana. Najua wapo watakaoguna kwamba hayo ni mambo ya mashetani. Hebu nisikilize kwanza.

Halloween ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Waairishi waliokimbia njaa kwao katika miaka ya 1840 walihamia Marekani na desturi zao. Kwao walikuwa wakichonga nyuso kwenye tanipu. Ugenini wakakuta boga, ambalo ni kubwa na rahisi kuchonga.

Lakini vijana waliugeuza usiku huo kuwa wa utukutu. Katika mji wa Anoka, jimbo la Minnesota, ng'ombe walifunguliwa wakazagaa barabarani na madirisha yakapakwa sabuni. Wakubwa wa mji hawakushika viboko. Mwaka 1920 waliandaa gwaride, wakawagawia watoto bisi, njugu na peremende. Gwaride hilo lipo hadi leo.

Sherehe yenyewe ina adabu zake. Taa ya barazani ikiwaka, karibu; ikiwa imezimwa, pita kimya. Wadogo husindikizwa na wazazi, nao wazazi husimama njiani wakijuliana hali. Ajuza aishiye peke yake, ambaye huenda mwezi mzima hakubishiwa hodi, hupata wageni ishirini kwa saa moja. Huo ndio utamu wa Halloween.

Tena si tumbo tu. Mwaka 1950 watoto wachache wa Philadelphia walizunguka na pakiti za maziwa wakiomba sarafu za kuwasaidia watoto wenzao kupitia UNICEF. Walipata dola 17, na mamilioni ya watoto wamewaiga tangu hapo.

Sisemi, msomaji, kwamba tuvae mashuka. Nauliza tu: jirani yako wa nyumba ya tatu anaitwa nani? Akiugua usiku, utajua? Wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Basi kabishe hodi leo, hata bila boga.