Dughulushi: ua la mwambani lisilohitaji udongo

Mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alikusanya katika milima ya Usambara mmea mdogo wenye majani ya manyoya na maua ya zambarau, akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea, Hermann Wendland, wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, aliueleza kitaalamu na kuupa jina la Saintpaulia kwa heshima ya familia hiyo. Kwetu huitwa dughulushi. Leo umezaa aina maelfu za bustanini, na hupamba madirisha ya nyumba za Ulaya, Marekani na Japani. Ajabu ni kwamba katika nyumba nyingi za Tanga, Dar es Salaam na Mombasa, mwendo wa siku moja tu kutoka kwao, ua hili ni mgeni.

Siku hizi mapenzi ya maua adimu ya ndani yamerejea kwa nguvu. Pamoja nayo imekuja njia ambayo wasomaji wengi wa ukurasa huu wameisikia bila kuielewa: kuotesha mmea katika changarawe za mawe, bila udongo hata kidogo. Wapo waionao kuwa ni mbwembwe za matajiri. Anayeijua asili ya dughulushi atakuwa na sababu ya kufikiri vingine.

Mwamba ndio nyumba yake

Huko Usambara, dughulushi haimei katika udongo mzito wa shambani. Hushika katika nyufa za majabali yenye kivuli, mara nyingi karibu na vijito, penye kuvu la mwani na unyevu wa ukungu. Udongo ulioko hapo ni kiasi cha kujaza kiganja. Maji hupita, hayatuami. Na mizizi, pamoja na kunywa, hupata hewa.

Mmea huohuo ukitiwa katika kopo la udongo wa mfinyanzi na kumwagiwa maji kila asubuhi, mizizi hukosa pumzi na kuoza. Majani hulegea. Mwenye nyumba, kwa huruma, hudhani una kiu na kuuongezea maji. Hivyo ndivyo yafavyo maua mengi ya ndani: yanazama, ilhali mwenyewe anaamini yana kiu.

Changarawe huondoa tatizo hilo kutoka kwenye mzizi wake. Zinazotumika zaidi ni pamisi, yaani lile jiwe jepesi lenye matundu ambalo wengi tunalijua kwa kusugulia visigino. Mawe ya volkano yaliyosagwa. Zeolaiti, madini yenye uwezo wa kushika virutubisho na kuviachia polepole. Na vigololi vya udongo uliochomwa kwa moto mkali hadi ukawa kama jiwe lenye vinyweleo. Punje hizi hunywa maji ndani yake, na nafasi zilizo baina yake hubaki na hewa. Hazigandamani, hazichachi, na zikioshwa hutumika tena kwa miaka mingi.

Tanzania si maskini wa mawe haya. Mawe ya volkano yamejaa kuzunguka Meru na Kilimanjaro, na pamisi imo ardhini katika nchi ya Rungwe mkoani Mbeya. Asiyeyapata anaweza kuanza na vigae vya chungu au tofali lililoiva vizuri, vilivyopondwa na kuchekechwa.

Usafi wa nyumba na mahali pa sala

Kwa familia ya Kiislamu ipo faida nyingine inayostahili kutajwa. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao wetu, kinyesi cha mnyama ni najisi hata kama nyama yake huliwa. Kurutubisha shamba kwa samadi kunaruhusiwa, na mazao yake ni halali. Lakini chungu cha samadi kilichowekwa sebuleni, pale pale panapotandikwa msala, ni jambo la kuangaliwa. Mtoto akikipindua, au maji yake yakitiririka hadi kwenye zulia, huwa ni kazi ya kutwahirisha. Changarawe zilizooshwa hazina tatizo hilo. Wala hazivutii vile visubi vyeusi vidogo vinavyozaana katika udongo mbichi na kuzunguka mezani wakati wa chakula.

Namna ya kuhamisha

Kwanza, chagua punje za ukubwa wa kati ya milimita 3 na 6. Zioshe mara kadhaa hadi maji yatoke meupe, kwani vumbi likibaki huziba zile nafasi za hewa.

Pili, toa mmea katika udongo na uisuuze mizizi yake kwa maji ya uvuguvugu. Iliyooza, yaani ya rangi ya kahawia na yenye kuteleza, ikatwe kwa wembe safi.

Tatu, andaa vyombo viwili, kimoja cha kuwekea mmea, chenye tundu chini, na kingine cha maji. Pitisha utambi wa kamba ya nailoni katika tundu hilo; kamba ya pamba huoza upesi. Chombo cha juu kisiguse maji. Utambi ndio utakaoyapandisha, kama unavyopandisha mafuta katika kandili.

Nne, subiri. Mizizi iliyozoea udongo hufa kwa sehemu, na mipya huota kwa tabia mpya. Katika wiki nne hadi sita za mwanzo majani ya chini huweza kunjano na kudondoka. Ufunike mmea kwa mfuko mwepesi unaopitisha mwanga, uuweke mbali na jua kali, na usiupe mbolea.

Tano, ukishatoa jani jipya, anza kuulisha. Jiwe halina chakula cha kutosha, hivyo mbolea ya maji yenye virutubisho vyote, pamoja na kalsiamu na magnesiamu, ni ya lazima. Robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa inatosha. Kila mwezi mimina maji matupu juu ya changarawe ili kuosha chumvi zilizojikusanya. Ukoko mweupe juu ya mawe ni dalili kwamba umechelewa. Wanaotumia maji ya visima vya pwani, yenye chumvi, wakinge maji ya mvua.

Ipo njia rahisi zaidi, nayo ni kuanza na jani. Kata jani la dughulushi lenye kikonyo cha sentimita tatu au nne, ulichomeke katika changarawe zenye unyevu. Baada ya takriban mwezi huota mizizi, na baada ya miezi miwili au mitatu vichipukizi hujitokeza. Mmea uliozaliwa katika mawe hauna udongo wa kuukumbuka.

Joto la pwani lisisahauliwe. Dughulushi hupenda nyuzi 18 hadi 26, kwa hiyo Lushoto na Arusha itastawi, ilhali Dar es Salaam ya Januari itaitesa. Wa pwani wana ndugu yao mwingine wa nyumbani, Zamioculcas, mwenye majani mazito yanayong'aa, ambaye asili yake ni Afrika Mashariki hadi Kusini, Zanzibar ikiwemo. Huyu huhifadhi maji katika shina lake la chini na huoza upesi penye udongo mbichi. Changarawe humfaa mno. Ila ana chembechembe zinazouma kinywani, kama walivyo monstera na filodendroni, hivyo awekwe pasipofikiwa na watoto wachanga. Dughulushi haina sumu.

Tahadhari ya mbu

Chombo cha maji chini ya ua ni sawa na dimbwi ndani ya nyumba. Dar es Salaam ilikumbwa na mlipuko wa homa ya dengue mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na mbu anayeieneza, auumaye mchana, hupenda hasa maji masafi yaliyotuama katika vyombo vidogo. Kutoka yai hadi mbu kamili huchukua wiki moja hivi hadi siku kumi. Kwa hiyo maji yamwagwe kila siku ya tano, na kuta za chombo zisuguliwe, kwa kuwa mayai hunata ukingoni. Tundu lolote la wazi lizibwe kwa kitambaa cha chandarua. Asiyeweza kudumu na hayo aache vyombo vya maji, amwagilie kwa juu na kuyaacha yachuruzike. Ua ni jambo la kupendeza tu. Kuzuia madhara kwa watu wa nyumbani na majirani ni wajibu.

Amana katika biashara

Akina mama na vijana wengi wamepata riziki kwa kuzalisha maua haya, na ni kazi njema isiyohitaji shamba. Lakini penye uadimu hapakosi hila. Miaka michache iliyopita, filodendroni iliyoitwa Pink Congo iliuzwa ng'ambo kwa bei kubwa kwa ajili ya majani yake ya waridi. Baada ya miezi kadhaa majani mapya yalitoka kijani kitupu; rangi ile haikuwa ya nasaba yake. Waislamu tunakijua kisa kilichopokewa na Imamu Muslim, cha Mtume (S.A.W.) kutia mkono katika lundo la nafaka sokoni na kukuta chini yake kumelowa, na jinsi alivyomkataa mwenye kughushi. Muuzaji wa kipande kisicho na mizizi aseme hakina mizizi. Jina likiwa halijulikani, lisitungwe.

Hila nyingine ni kwenda msituni kung'oa. Baadhi ya aina za dughulushi mwituni zimo hatarini kutoweka, kwa sababu kila moja inashikilia kipande kidogo cha milima, na mti wa kivuli ukikatwa, mwamba hukauka pamoja na vyote vilivyoushika. Hifadhi ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, iliwekwa kulinda misitu ya aina hiyo. Jani moja kutoka kwa jirani latosha kuanzisha bustani. Hakuna udhuru wa kuiba mwambani.

Thamani ya ua

Tusilipe ua sifa lisiyo nayo. Husemwa kwamba mimea ya ndani husafisha hewa. Dhana hiyo ilienezwa na majaribio ya NASA ya mwaka 1989, yaliyofanywa katika masanduku yaliyofungwa. Katika chumba cha kawaida, kufungua dirisha hufanya kazi kubwa zaidi kuliko vyungu kumi. Wala mtu asijitie katika israfu kwa kununua jani moja kwa fedha ya karo ya mtoto.

Hadithi sahihi inatufundisha kwamba apandaye mmea, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Ua la sebuleni haliliwi. Lakini lina somo lake kwa mtoto anayepewa kazi ya kuangalia utambi na kubadili maji kila siku ya tano: kwamba kiumbe kidogo kimewekwa mikononi mwake, kina mahitaji aliyoyapanga Muumba wake, na kukipenda pasipo kuyajua mahitaji hayo huweza kukiua. Atakayejifunza hilo kwa dughulushi atalihitaji tena siku atakapolea watu.