Kupunguza Matiti kwa Upasuaji: Ayajue Mama Kabla ya Kutia Saini

Katika darsa za akina mama hapa Arusha, swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi kwa niaba ya "jirani": je, mwanamke anayeumizwa na uzito wa matiti yake anaruhusiwa kuyapunguza kwa upasuaji? Wapo wanaolijibu kwa haraka kwamba huko ni kubadili maumbile ya Allah (s.w.), na mazungumzo yakaishia hapo. Jibu hilo halimtendei haki muulizaji.

Maradhi haya yanafichwa na baibui, hayaponywi nalo. Shingo na mabega huuma kila siku, mikanda ya sidiria huchimba ngozi, na chini ya matiti huota vipele vya jasho. Mama wa miteremko ya Meru anayeshuka na ndizi kichwani kwenda soko la Tengeru hubeba mzigo juu ya mzigo.

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 18 huko Putrajaya, Malaysia, Julai 2007, lilitenganisha mambo mawili. Upasuaji wa kuondoa dosari au madhara ya mwili na nafsi unaruhusiwa kwa masharti. Wa kufuata matamanio au kuiga watu, hapana. Tukumbuke pia kuwa Mtume (s.a.w.) alimruhusu sahaba Arfaja bin As'ad, aliyepoteza pua vitani, kuweka pua ya dhahabu.

Sheria ikishatulia, linabaki suala la kunyonyesha, na hili ndilo tungependa familia zikae nalo zaidi. Daktari huondoa mafuta, nyama na ngozi, kisha hupandisha chuchu juu, na baadhi ya mirija ya maziwa hukatwa. Wapo wanaonyonyesha baadaye, ila maziwa huenda yasitoshe. Matiti yakiwa makubwa mno, pengine chuchu hutolewa kabisa na kupandikizwa upya; hapo matumaini ya kunyonyesha karibu hayapo. Aya ya 233 ya Suratul Baqara inataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kuitimiza, na humo humo inataja mashauriano ya wazazi. Basi mume na mke wakae chini mapema. Kushauriana, hata hivyo, si mke kuamuliwa. Binti ambaye matiti yake bado yanakua asubiri. Na aliye karibu kuzaa tena, busara ni kuahirisha.

Makovu hubaki: aghalabu huzunguka chuchu, hushuka wima, kisha hulala chini ya titi. Ngozi yetu nyeusi ina tabia ya kuotesha makovu yaliyovimba, hivyo aliyewahi kupata kovu la namna hiyo amweleze daktari. Chuchu inaweza kupoteza hisia. Kabla ya upasuaji matiti yapimwe uvimbe, na daktari aambiwe dawa zote zinazotumika, aspirini, vidonge vya vitunguu saumu na za asili zikiwamo, kwani baadhi huzidisha kutoka damu.

Safari ianzie Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Mount Meru kwa vipimo na ushauri. Mloganzila, Dar es Salaam, ilianza huduma za upasuaji rekebishi mwaka 2023. Anayekwenda mbali asipande basi la kurudi Arusha mpaka daktari amruhusu: kukaa kitini siku nzima baada ya upasuaji huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Gharama, na kama bima inahusika, aulize kabla. Aombe daktari wa kike. Asipopatikana, dharura ina hukumu yake, na mahram au muuguzi wa kike awepo.

Akirudi nyumbani, atapangusa juu ya bandeji wakati wa josho la faradhi, na kusujudu kukimuumiza atasujudu kwa ishara akiwa ameketi. Kwa wiki nne hadi sita hatainua kitu kizito. Wanaume na vijana wa nyumba hiyo wajipangie zamu za ndoo za maji tangu siku ya kwanza.